Ninunue mashine ya kukereza ya zamani?

SWALI: Shikamoo mzee. Nina karakana ndogo uani kwangu, Kihonda, Morogoro: jiliwa, grainda, drili ya mezani na mashine ya kuchomelea. Kuna mtu ananiuzia mashine ya kukereza vyuma, Myford ML7 ya Uingereza. Imekaa stoo miaka mingi na kutu imeivaa. Rafiki yangu anasema ni chuma chakavu, tena vipimo vyake ni vya inchi, si milimita. Niichukue?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Rafiki yako ana pupa. ML7 zilianza kutoka mwaka 1946 huko Beeston, karibu na Nottingham, kwa ajili ya watu wa karakana za nyumbani kama wewe. Nyingi zina mota ya umeme wa njia moja, lakini soma kibati chake kwanza.

Kutu ya juujuu hainitishi. Kitanda, yaani reli anapotembea kigari kinachobeba kisu, kimwagie dizeli, ukikwangue kwa wembe uliolazwa. Msasa weka mbali. Vipande vidogo vya chuma viloweke kwenye molasi, sehemu 1 kwa maji sehemu 9, wiki mbili hivi. Huko kwenu kwenye viwanda vya sukari, waulize wafugaji, wanayo. Aluminiamu isiingie humo, italiwa. (Harufu nayo utaisikia nyumba nzima.)

Mimi naogopa kitanda kilicholika. Sogeza kigari cha kisu hadi karibu na taya zinazoshika chuma, mahali kinaposhinda, ukaze skrubu zake za pembeni mpaka kiende kwa uzito kidogo. Kisha kipeleke mwisho wa pili. Kikikwama njiani, upande wa taya umelika, na bei ishuke.

Halafu gia za kubadilisha, zile unazopanga kuchagua thredi ya kukata: usitoe hela kabla hujaziona. Skrubu ndefu inayosukuma kigari ina thredi 8 kwa inchi, kweli, lakini ukiwa na gia ya meno 127 inakata milimita barabara, kwa kuwa inchi moja ni milimita 25.4, na 25.4 mara 5 ni 127. Ikikosa nafasi, mchanganyiko wa gia ndogo hukaribia kiasi cha kutosha bolti ya kawaida. Ila ukikata thredi ya milimita, usiachie nati ya skrubu ndefu mpaka umalize. Vuta kisu nje, rudisha mota nyuma. Swichi ya mbele na nyuma akufungie fundi umeme, na urudishe polepole: taya za ML7 zimeshikwa kwa thredi, zinaweza kufunguka.