Kupima afya na makazi Tandale: anza na kaya, maswali baadaye

Mkuu, umeuliza utapimaje hali ya afya na makazi katika mtaa mmoja wa Tandale, Dar es Salaam, una watu wanne, bajeti ya kuungaunga na maswali themanini tayari. Maswali yapunguze, ila hapo sipo penye hatari kubwa. Uswahilini kipimo huharibika kabla ya swali la kwanza, pale unapoamua ugonge mlango upi.

Nyumba moja ya vyumba sita na korido katikati inaweza kuwa na kaya sita. Kaya ni watu wanaokula chungu kimoja na kumtambua mkuu mmoja, hata kama si ndugu. Ukichagua nyumba kwa bahati nasibu, kisha ukahoji kaya moja tu ndani yake, mwenye nyumba asiye na wapangaji, anayeishi na familia yake tu, ana nafasi mara sita ya kuingia kuliko mpangaji wa chumba kimoja. Mtaa utaonekana una nafuu ambayo hauna. Dawa ni ama kuhoji kaya zote za nyumba hiyo, ama kupiga kura uchague moja, uandike jumla ya kaya zilizomo, na wakati wa kuchambua jibu lake lihesabiwe mara idadi hiyo. Mimi ningechukua njia ya pili, maana wapangaji wa nyumba moja wanatumia choo kimoja na bomba moja; ukiwahoji wote sita utalipia majibu yaleyale. Na usimruhusu mwenye nyumba awajibie wapangaji wake. Atakwambia choo kinatosha.

Orodha ya nyumba usiisubiri kutoka ofisini. Tandale ilichorwa kwenye OpenStreetMap, ramani huru ya mtandaoni, tangu 2011, na mradi wa Ramani Huria ukaendeleza kazi hiyo Dar kuanzia 2015, kwa hiyo mapaa mengi yapo. Linganisha na picha mpya ya setilaiti, hasa kando ya Mto Ng'ombe. Gawa mtaa vipande 30 vyenye idadi ya mapaa inayokaribiana, kila kipande chukua kaya 7. Hizo ni 210, mtindo wa zamani wa tathmini za chanjo, na zinakupa asilimia yenye kosa la kama 10 juu au chini. Ukitaka kosa la 5 zinahitajika mara nne yake, kama 840. Kwa watu wanne, sahau.

Mlango ukikuta umefungwa, rudi mpaka mara tatu, mojawapo jioni na nyingine Jumapili. Usiruke kwa jirani. Wasiokuwepo mchana ni mama lishe, machinga na vibarua. Ukiwabadilisha utakuwa umepima watu wanaoshinda nyumbani tu.

Sasa vipimo vyenyewe. Msongamano: hesabu waliolala humo jana usiku, gawa kwa vyumba vya kulala. Zaidi ya watu watatu kwa chumba, UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, wanahesabu makazi hayo kuwa ya msongamano. Ukiuliza tu "mnaishi wangapi" utaletewa na mtoto aliyeko shule ya bweni.

Maji: usiulize lita, uliza madumu ya lita 20 kwa siku, ugawe kwa idadi ya watu. Uliza pia muda wa kwenda, kupanga foleni na kurudi. Ukizidi dakika 30, huduma hiyo haifikii kiwango cha msingi hata kama bomba ni zuri. Sampuli ya maji chukua sehemu mbili, bombani na kwenye ndoo ya kunywea, kwa kuwa uchafuzi mwingi hutokea katikati. Klorini (dawa ya kuua vijidudu) iliyobaki ikiwa chini ya miligramu 0.2 kwa lita kwenye maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, hiyo ni habari. Kwenye maji ya kisima kirefu sifuri haina maana yoyote, hayakutiwa dawa. Huko unahitaji kipimo cha bakteria, na cha chumvi.

Choo kiangalie kwa macho, usiridhike na jibu. Andika kaya ngapi zinakitumia, kama shimo limejaa, na lilinyonywa na gari au lilitapishwa, yaani uchafu ulifunguliwa utoke nje. Swali la kutapisha liulize hivi: "Shimo likijaa, watu wa hapa hufanyaje?" Ukimuuliza mtu kama yeye hutapisha, atakataa.

Watoto: kuhara ni kupata choo cha majimaji mara tatu au zaidi ndani ya saa 24, na kumbukumbu iishie wiki mbili. Utepe wa mkono, unaopima mzunguko wake kuonyesha utapiamlo, ni kwa wa miezi 6 hadi 59, mkono wa kushoto, katikati ya ncha ya bega na kiwiko, mkono ukining'inia bila kukazwa. Chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, mpe mama rufaa siku hiyohiyo. Chanjo soma kwenye kadi ya kliniki, na jibu la kumbukumbu liweke safu yake. Lakini kaya 210 hazikupi watoto 210. Wa miezi 12 hadi 23 watakuwa wachache kiasi kwamba asilimia ya chanjo ni ya kupotosha. Toa idadi tu. Vifo vya watoto, kwa sababu hiyohiyo, usiviguse kabisa.

Barua ya ruhusa ya manispaa ipeleke kwa mtendaji na mwenyekiti wa mtaa. Mjumbe wa nyumba kumi anajua kila uchochoro, mtumie, lakini ni kiongozi wa chama (CCM), na akisimama mlangoni majibu hubadilika. Akufikishe, kisha akusubiri kona.

Ukipima Agosti tu, mafuriko na vyoo kufurika havitaonekana. Weka alama kwenye nyumba ulizochagua, na Aprili, katikati ya masika, rudi kwenye thelathini kati yake kwa ajili ya maji na choo peke yake.