Kabla Hujafunika Kichupa, Andika Jina la Ufuo

Siku moja nilirudi kutoka kazini hapa Nakuru nikakuta sufuria zote zinang'aa na kichupa changu kimoja kitupu. Mama alikuwa amekuja kunitembelea. "Si nilidhani umeniwekea wa kusugulia?" akasema. Ulikuwa mchanga wa Diani, niliobeba safari nzima kutoka pwani. Sikuwa na la kujibu, maana kichupa chenyewe hakikuwa na hata herufi moja.

Basi ukitaka kukusanya mchanga, andika papo hapo: mahali, tarehe, na kama umechota ukingoni mwa maji au hatua 20 juu yake. Ukingoja ufike nyumbani, utashuka matatu na mifuko mitatu inayofanana kama mapacha. Na usichote kwenye mjengo. Ule uliletwa na lori, hata fundi hajui ulitoka mto gani.

Vijiko vitatu vinatosha, na vichupa vya dawa vilivyooshwa vinafaa sana. Suuza mchanga, uanike juu ya gazeti hadi ukauke kabisa. Mimi nilifunika wa Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria kule Kisumu, ukiwa na unyevu, ukaota ukijani. Ziwani chota pakavu, usiingie majini: kuna kichocho, na viboko hawana utani. Ndani ya Hifadhi ya Ziwa Nakuru usichukue hata chembe.

Kifaa pekee nilichogharamia ni kioo kama cha fundi saa, kinachokuza mara 10. Kabla ya hapo nilikuwa nikiweka tone la maji kwenye lenzi ya simu. Hata hiyo inafaa, mradi mkono usitetemeke.

Wanajiolojia huita mchanga chembe yoyote yenye upana wa kati ya milimita 0.0625 na 2, iwe ya jiwe, kombe au kioo. Ndiyo maana vichupa viwili vinaweza kuwa na rangi moja na visiwe na undugu wowote. Chini ya mwamba wa Kit-Mikayi, njia ya Bondo, chembe ni kubwa na zina kona kali kwa sababu hazijasafiri mbali. (Pale watu huenda kusali, kwa hiyo omba ruhusa kwanza.) Zinazopitisha mwanga ni madini ya kwatzi, na zile nyeupe zilizofifia ni madini ya feldspa. Feldspa huoza polepole ikawa udongo wa mfinyanzi, kwatzi ikabaki, na ndiyo sababu mchanga uliobebwa na mto kwa muda mrefu huwa na kwatzi nyingi.

Huku kwetu Nakuru mambo ni ya volkeno. Tia majini kijiko cha mchanga kutoka viunga vya Menengai utazame: baadhi ya chembe zitaelea! Hizo ni ndugu wa lile jiwe la kusugulia visigino, limejaa vitundu vya hewa.

Watoto wa dada yangu wanapenda zaidi ndimu. Wakikamulia mchanga wa Diani, unachemka mapovu, kwa kuwa ni matumbawe na makombe yaliyosagika, na asidi ya ndimu huyafanya yatoe gesi. Wa Dunga ulikaa kimya, isipokuwa chembe chache zilizotoa povu. Tulipozikagua kwa kioo, vilikuwa vipande vya magamba ya konokono. Sumaku nayo ivishe mfuko wa plastiki kwanza, kisha uipitishe juu ya mchanga ili inase chembe nyeusi za magnetiti, madini yenye chuma. Yangu niliichovya ikiwa tupu, na mpaka leo ina ndevu.

Mama siku hizi ni mshirika wangu. Mwezi jana aliniletea mchanga wa Homa Bay, umefungwa kwenye leso kwa fundo mbili. Nikampigia simu kumuuliza ni ufuo upi.

"Pale pa kawaida," akanijibu.