Nimeokota simu iliyofungwa: je, nimpelekee fundi aidekode?

Swali: Nimeokota simu ya Android kwenye teksi-basi ya kwenda Katuba. Imefungwa kwa namba ya siri. Kijana wangu aliizima, akatoa laini na kuitia kwenye simu yake ili aone majina, lakini iliomba PIN; amejaribu mara mbili bila kufaulu. Jirani ananishauri niipeleke kwa fundi aidekode, yaani aifungue bila namba ya siri, ndipo tumpate mwenyewe. Nifanye nini? (Mama, Lubumbashi)

Jibu: Mama, kijana asijaribu mara ya tatu. PIN ikikosewa mara 3 laini hujifunga na kudai PUK, yaani namba ya kuifungulia inayotolewa na kampuni ya laini, nayo PUK ikikosewa mara 10, laini imekufa. Tena majina aliyokuwa akiyatafuta huenda hayamo kabisa, kwa sababu siku hizi watu wengi huyahifadhi kwenye akaunti ya Google au ndani ya simu yenyewe. Kosa hili naliona mezani kwangu karibu kila wiki, na linaniumiza kwa sababu hufanywa kwa nia njema. Simu iliyookotwa ikiwa inawaka ingeweza kupokea mwito wa mwenyewe bila kufunguliwa. Ikishazimwa na kuwashwa upya, laini yenye PIN hairudi kwenye mtandao, na kwenye simu nyingi za sasa hata WhatsApp hunyamaza hadi mwenyewe aingize namba yake ya siri.

Rudisheni laini mahali pake, mwiweke simu kwenye chaja, na mguse sehemu ya miito ya dharura, kwani wako watu walioandika humo namba ya ndugu wa kupigiwa. Pasipo na kitu, ipelekeni mapema kwenye ofisi ya kampuni ya laini hiyo: laini husajiliwa kwa jina la mtu, na mwenye kupoteza huenda huko kuomba nyingine. Mwenyewe akipatikana, aifungue simu mbele yenu kabla ya kukabidhiwa. Akitoa matabishi, yaani zawadi ya shukrani, kwa hiari, pokeeni. Kuyadai si haki.

Sasa nije kwa huyo fundi wa jirani yako. Kudekode simu iliyofungwa, kwa jinsi kunavyofanywa mitaani, ni kuifuta: picha, majina na ujumbe vyote huondoka, yaani alama zile zile ambazo zingetuonyesha mwenyewe ni nani. Anayekuambia kwamba atafuta simu ili ampate mwenye simu anakudanganya, na anajua kwamba anakudanganya. Baada ya kufuta, simu za Android tangu toleo la 5.1 huweza kudai akaunti ya Google iliyokuwemo, na iPhone tangu toleo la iOS 7 la mwaka 2013 huweza kudai akaunti ya mwenyewe. Hapo fundi ataomba pesa nyingine ili aruke kizuizi hicho. Namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu yenyewe yenye tarakimu 15, haifutiki pamoja na picha. Ukitia laini yako, mtandao unaiona IMEI hiyo ikitumiwa kwa jina lako, wakati mwenyewe bado ana katoni ya simu yenye namba ile ile. Sheria yetu ya adhabu inahesabu kuwa kosa kuficha kwa udanganyifu kitu ulichookota, na fundi aliyekula pesa yako hatasimama nawe mbele ya polisi.

Simu zinazosafishwa namna hii huishia kuuzwa kwa watu wasiojua lolote. Kwa hiyo anayenunua simu iliyotumika, iwe soko la Kenya hapa Lubumbashi au mjini, amtake muuzaji aondoe akaunti yake na kuifuta simu pale pale mbele yake. Muuzaji akisema amesahau neno la siri la akaunti, mnunuzi arudishe simu na kubaki na pesa yake.