Sahani ni ileile, saa ndiyo inayonenepesha

Msomaji mmoja wa Kadutu ameniandikia: «Dada, na mimi nafanya zamu ya usiku. Nakula kidogo, lakini mwili unazidi kunenepa. Wewe ulifanyaje?»

Mimi ni muuguzi hapa Bukavu. Kwa miaka mingi, wagonjwa wakishatulia, mnamo saa nane za usiku, tulikuwa tunafunua sufuria: bugali, sombe, sambaza za kukaanga. Asubuhi nikifika nyumbani, chai ya maziwa na mandazi, kisha kitandani. Nguo zikaanza kunibana. Mkubwa wetu wa kazi akasema mbele ya watu kwamba nanenepea chakula cha wagonjwa. Maneno yale yananichoma hadi leo, maana sahani yangu ilikuwa ndogo kuliko ya wenzangu wa mchana.

Mwili una saa yake. Ile kuu iko ubongoni, inajirekebisha kwa mwanga, na huku kwetu jua linachomoza karibu saa kumi na mbili mwaka mzima. Ini na kongosho navyo vina saa zao, ambazo hufuata sana muda wa kula. Usiku insulini, ile inayoitoa sukari damuni na kuiingiza mwilini, haifanyi kazi vizuri kama asubuhi, kwa hiyo sukari inakawia damuni. Mwaka 2013 watafiti walichapisha habari za watu 420 wa Hispania waliokuwa wakipunguza uzito. Waliokula chakula kikuu baada ya saa tisa alasiri hawakupungua sana kama waliokula mapema, ingawa chakula na usingizi wao vilikaribiana. Niliposoma hayo nilijiona nimetetewa.

Sasa bugali nakula saa kumi na moja jioni, kabla ya kwenda kazini. Usiku ni maji, au chai bila sukari. Asubuhi nakula kidogo, natundika kikwembe kizito dirishani, nalala gizani. Leo nguo niliyoshonewa kwa harusi ya mdogo wangu inafunga zipu bila kuvuta pumzi!

Dada zangu, acheni vile vidonge vya kupunguza unene vya sokoni. Heshimuni saa ya kula. Usiku si wa sufuria, nawaambieni, si wa sufuria! Ila mwenye sukari anayetumia dawa amuone kwanza daktari wake, kwa sababu dawa na tumbo tupu vinaweza kumshushia sukari ghafla usiku.