Kama wote walikula dawa, si walikuwa sawa?

SWALI: Habari ya kazi mhariri. Mi na jamaa zangu tunabishana hadi tunanuniana kuhusu Lance Armstrong, yule mwendesha baiskeli wa Marekani. Wao wanasema mwizi tu, mi nasema ile baiskeli aliiendesha kwa miguu yake mwenyewe na kipindi kile wote walikuwa wanatumia dawa za kuongeza nguvu, sasa kama wote wanatumia si ngoma inakuwa droo? Kwa nini asirudishiwe heshima yake? Na mtu akimaliza adhabu akarudi akashinda, huyo naye mnamhesabuje?
Mbishi Sugu

JIBU: Ndugu yangu Mbishi, hapo kwenye "wote" ndo wengi mnapopigwa chenga. Chukua EPO, ile dawa inayoongeza seli nyekundu ili damu ibebe oksijeni nyingi. Mwaka 1997 chama cha baiskeli cha dunia kikaweka kikomo, seli nyekundu zisizidi asilimia 50 ya damu, ukizidi unapumzishwa. Sasa mwenye 41 za kuzaliwa nazo ana nafasi ya kupandisha 9, mwenzake mwenye 48 anaambulia 2, hapo hujaweka nani ana hela na nani ana daktari mjanja. Usawa uko wapi? Hapo mmeshindanisha wafamasia. Yale mataji 7 ya Armstrong ya mbio za baiskeli za Tour de France, ya 1999 hadi 2005, yalipofutwa mwaka 2012 hayakupewa mtu, na mi naona sawa kabisa, na mwenyewe alikuja kukiri 2013.

Halafu mbona hamumuongelei aliyekuwa nyuma? Olimpiki ya 2004, kutupa tufe, tena fainali ilifanyika Olympia kwenyewe kule michezo ya kale ilikoanzia, Adam Nelson wa Marekani na Yuriy Bilonoh wa Ukraine wakalingana mita 21.16, Bilonoh akapewa dhahabu kwa sababu mtupo wake wa pili kwa ubora ulikuwa mzuri zaidi. Sampuli ya Bilonoh ikapimwa upya 2012, kumbe dawa. Nelson dhahabu yake akakabidhiwa 2013 uwanja wa ndege wa Atlanta, kwenye sehemu ya migahawa, abiria wanapita na mabegi yao wala hawajui kinachoendelea!

Kwa hiyo mi nasema historia iandikwe yote, aliyoyafanya na alivyoyafanya, watoto wasome, lakini tuzo na kuta za mashujaa hapana. Waliokula bila kujua, mfano dawa ya kikohozi au virutubisho vichafu, hao kesi yao ni nyingine.

Swali lako la mwisho, mcheki Justin Gatlin, mkimbiaji wa Marekani. Alifungiwa miaka 4 kwa dawa, akarudi 2010, na 2017 kwenye mashindano ya dunia London akamchapa Usain Bolt mita 100 kwa sekunde 9.92 huku uwanja mzima unamzomea. Ile medali ni yake, adhabu alishaitumikia na sheria ilimruhusu kukimbia. Kumshangilia lakini, hilo halipo kwenye sheria yoyote, kila mtu na moyo wake, mi mwenyewe sikupiga makofi.