Ukoo mmoja, dini mbili: mambo ya kukubaliana kabla ya msiba

Nimezaliwa katika ukoo wa Kibondei wilayani Muheza, upande wa baba wakiwa Waislamu na upande wa mama Waanglikana. Kwa wenyeji wa huko hilo si jambo la kushangaza, kwa maana tangu wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, walipoweka kituo chao Magila katika karne ya 19, huku Uislamu ukipanda kutoka pwani ya Tanga na Pangani kupitia wafanyabiashara na walimu wa vyuo vya Kurani, ndugu wa tumbo moja wamekuwa wakitengana kila wiki, huyu akielekea msikitini Ijumaa na yule kanisani Jumapili, kisha wote wakikutana shambani. Vijana wanaotaka kuoa au kuolewa nje ya dini zao huja kuniuliza ushauri, na karibu wote huanza na swali la dini ipi ni ya kweli. Mimi huwaomba waliweke swali hilo kando kwa muda, wajiulize kwanza dini hizo mbili zinafanya kazi gani nyumbani mwao, na kazi hiyo itashikwa na nani siku ya msiba, siku ya ndoa na siku ya kugawa mali.

Sisemi kwamba swali la ukweli ni dogo. Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu, aliwashambulia wanafalsafa kwa kuipa akili mamlaka isiyo yake katika mambo ya Mungu, na Ibn Rushd, mwanafalsafa Mwislamu, akamjibu katika karne ya 12, miaka mingi baada ya al-Ghazali kufariki. Katika karne iliyofuata Thomas Aquinas aliyachukua maswali hayohayo kwa upande wa Wakristo, na hadi leo vyuo vikuu vinayafundisha kama maswali yaliyo hai. Kikao cha ukoo kinachoanza saa kumi jioni, wazee wakiwa wamechoka na chai ikiwa imechelewa, hakitayamaliza. Nimekaa katika vikao vya namna hiyo, na kila mazungumzo yalipohamia kwenye aya na mistari, aliyeshinda alikuwa mwenye sauti kubwa.

Wanazuoni wa jamii wanatusaidia zaidi hapa. Émile Durkheim, Mfaransa aliyeandika mwaka 1912, aliiona dini kama imani na matendo yanayohusu vitu vilivyotengwa kuwa vitakatifu, ambayo huwaunganisha wanaoyashika kuwa jumuiya moja. Unaweza kumpinga kwa kumsahau Mungu, nami ninampinga kwa hilo, lakini kuhusu matendo alikuwa na hoja. John Mbiti, Mkenya wa Kitui na kasisi wa Kianglikana, aliandika mwaka 1969 kwamba Mwafrika hubeba dini yake kila aendako, shambani, kwenye sherehe na kwenye mazishi, wala haiachi mlangoni mwa jengo la ibada. Okot p'Bitek wa Uganda hakukubaliana na wanazuoni wa aina hiyo, akiwalaumu kwa kuwavisha miungu wa Kiafrika mavazi ya Kigiriki ili wawapendeze Wazungu. Kwa mambo ya nyumbani, Mbiti ananifaa zaidi: ukioa katika dini nyingine, unaoa pia namna ya kuzika, ya kula, ya kumpa mtoto jina na ya kuomboleza.

Nianze na kuzika, kwa sababu ndiko nilikoona mambo yakiharibika kwa haraka kuliko kwingine kote. Waislamu huharakisha: maiti huoshwa, huvishwa sanda, husaliwa na kuzikwa siku hiyohiyo ikiwezekana. Wakristo wengi husubiri: mwili hupelekwa mochwari, kamati hukaa, ndugu wa mbali hungojewa, kisha huja ibada na kuaga. Upande mmoja humwona mwenzake anamtesa maiti kwa kumchelewesha, na huyo naye humwona wa kwanza anamzika mtu kama anayekimbia deni. Yote mawili ni heshima kwa marehemu, ila saa zake hazilingani, na saa za msiba hazimruhusu mtu kuelezwa falsafa ya mwenzake. Kwa hiyo maelezo hayo yatangulie. Mweleze mama mkwe wako Mkristo, siku ya kawaida mkiwa mnachambua mchicha, kwamba mumewe wa Kiislamu akifariki asubuhi huenda akazikwa alasiri, na kwamba binti yake aliyeko Mwanza pengine hatamuona. Muulize jinsi atakavyopenda kuaga. Watu wengi hukubali jambo zito wakipewa muda wa kulizoea.

Jambo la pili katika msiba ni mgawanyo wa kazi. Kuosha maiti na kuongoza sala ni kazi za wenye dini ya marehemu, na hapo usisukume. Lakini kuchimba kaburi, kuleta maji na kuni, kufunga turubai, kuandika daftari la rambirambi, kupika, kuwapokea wageni stendi, hizo hazina dini, na ndizo zinazomfanya shemeji wa dini nyingine ajione mfiwa badala ya mtazamaji. Katika ukoo wetu wajomba Waanglikana ndio hushika majembe anapofariki mtu wa upande wa baba, na shangazi zangu ndio hukaa na masufuria upande wa mama unapofiwa. Hakuna aliyeyaandika mahali popote. Palipo na watani mambo huwa mepesi zaidi, kwa sababu mtani huuzuia msafara wa mazishi na kudai fedha bila kujali marehemu alisali wapi, na kicheko kile cha katikati ya kilio huwakumbusha watu kwamba ujamaa wao ni wa zamani kuliko mabishano yao.

La tatu, na hili nalisisitiza: mtu aliyebadili dini aandike anataka azikwe na nani na wapi. Wakenya wanaikumbuka kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika nje kidogo ya Nairobi, akieleza kwamba mumewe aliishi maisha ya kisasa na ya Kikristo. Ukoo wa marehemu, Umira Kager, ulidai mwili kwa mujibu wa mila za Wajaluo. Mwili ulikaa mochwari hadi Mei 1987, Mahakama ya Rufani ikaupa ukoo haki, na marehemu akazikwa Nyalgunga, kijijini kwao. Katika kesi ile Ukristo ulipambana na mila, lakini nimeona mabishano ya aina hiyo kati ya msikiti na kanisa, katika uwanja wa nyumba, jeneza likiwa ndani.

Kuhusu chakula sitasema mengi. Chinjeni kwa mkono wa Mwislamu kila shughuli inapokutanisha pande zote mbili, kwa kuwa Mkristo hapotezi kitu katika imani yake akila nyama hiyo, ilhali Mwislamu hatakula kibudu, na kama kuna Mkristo ambaye dhamiri yake inakataa, apikiwe samaki. Jambo hili linaonekana la jikoni tu, lakini Februari 2013 huko Buseresere mkoani Geita mgogoro wa nani achinje ulifikia kuuawa kwa mchungaji mmoja. Kiini chake hakikuwa nyama, kilikuwa swali la nani anatambuliwa na nani anapuuzwa, na swali hilo hilo huingia nyumbani pale mwenye shughuli anapochinja bila kumuuliza mtu, kisha akasema kwamba asiyetaka aache.

Kwa wachumba, nawashauri waende kwa viongozi wa dini zote mbili kabla ya mahari kutolewa, wala si baada. Fiqhi, yaani sheria ya dini ya Kiislamu, inamruhusu mwanamume wa Kiislamu kumuoa mwanamke wa Kikristo, lakini haimruhusu mwanamke wa Kiislamu kuolewa na Mkristo. Kanisa Katoliki humtaka muumini wake apate ruhusa maalumu ya kufunga ndoa na asiyebatizwa, naye huahidi kufanya yote awezayo ili watoto wabatizwe. Soma tena sentensi hiyo ukikumbuka kwamba familia ya upande wa pili inatarajia watoto wafuate dini ya baba yao. Ahadi mbili zinazopingana zimeshatolewa, na bibi harusi na bwana harusi hawajazungumza hata mara moja. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inatambua ndoa za Kiislamu, za Kikristo, za kimila na za serikali, kwa hiyo ndoa ya bomani ni njia halali kwa wanaotaka kila mmoja abaki na dini yake, baada ya notisi ya siku 21. Mfahamu pia kwamba ndoa iliyofungwa Kiislamu huchukuliwa kuwa ya wake wengi au inayoweza kuwa hivyo, na ya serikali huchukuliwa kuwa ya mke mmoja isipokuwa imethibitishwa vinginevyo. Mabinti wengi huambiwa hayo na shoga zao, tena baada ya miaka kadhaa.

Watu huniuliza kama maisha haya hayapunguzi imani. Mimi ni Mwislamu, nasali, nafunga, na sijawahi kuona kwamba kumsikia mama akiimba nyimbo za Kwaresima chumba cha pili kumenipunguzia chochote. Kilichonisaidia ni kutofanya dini yangu iwe ya kujibu ya mwenzangu. Mtu ambaye kila ibada yake ni hoja dhidi ya jirani atachoka, na siku atakapobaki peke yake hatakuwa na la kumwambia Mungu. Usikubali vilevile rai ya wanaosema kwamba dini zote ni kitu kimoja. Inapendeza masikioni, lakini mama hakuamini hivyo wala baba hakuamini hivyo, na waliishi kwa heshima huku kila mmoja akijua vizuri pale walipotofautiana.

Limebaki la mirathi, ambalo wengi hulikimbia kwa kudhani kulitaja ni kumwitia mtu kifo. Tanzania Bara sheria tatu hutumika: ya Kiislamu, ya kimila na ile ya mirathi ya India ya mwaka 1865, na panapotokea ubishi mahakama huangalia nia ya marehemu na namna alivyoishi. Mashauri ya Kiislamu na ya kimila huweza kufunguliwa mahakama ya mwanzo. Ya Kikristo huanzia ngazi za juu zaidi. Katika sheria ya Kiislamu asiye Mwislamu hamrithi Mwislamu, kwa hiyo mjane Mkristo, hata akiwa ameishi na mumewe maisha yake yote, hana fungu katika mirathi hiyo, wala watoto wake waliobatizwa. Dini yenyewe imeacha milango: wosia kwa asiye mrithi unaruhusiwa hadi theluthi moja ya mali, na hiba, yaani zawadi, inayotolewa mtu akiwa hai na kukabidhiwa kweli haimo katika mirathi kabisa. Tena alichochangia mke katika nyumba au shamba ni mali yake na hakigawiwi, mradi kiwe na ushahidi. Wekeni majina yote mawili kwenye hati ya kiwanja mnapokinunua. Andikeni wosia mbele ya mashahidi kutoka pande zote mbili za ukoo, kila mmoja kwa kuzingatia mipaka ya dini yake, mkimshirikisha mwanasheria na shehe au mchungaji anayeelewa mambo hayo. RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, huandika na kutunza wosia, na ukiuhifadhi huko mwambie mtu mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa mke kwamba uko huko.