Gridi inapanda, wati hazipandi: kutyuni amplifaya ya valvu

Swali lilikuwa la amplifaya ya redio ya valvu moja, 3-500Z, inayotumika HF (mawimbi mafupi): mita ya gridi (wavu unaodhibiti elektroni ndani ya valvu) imepita 200 mA, anodi (bati inayozipokea) iko 300 mA tu, na pato limegoma kwenye wati 400 hata transiva, redio inayoilisha, ikiongezwa nguvu. Je, valvu imechoka? Kwa dalili hizo, la. Valvu iliyochoka inashindwa kutoa mkondo wa anodi na gridi yake nayo hushuka. Hapa gridi ndiyo inayokula, maana yake mzigo ni mwepesi mno. Fungua nobu ya LOAD zaidi, yaani achanisha bati za kapasita yake, kisha urudi kwenye nobu ya TUNE.

Kati ya anodi na antena kuna saketi ya pai: kapasita ya TUNE upande wa anodi, koili katikati, kapasita ya LOAD upande wa antena. Kazi yake ni kuzifanya omu 50 za antena zionekane omu elfu kadhaa mbele ya valvu. Kiasi chake hupatikana hivi: volti za anodi gawanya kwa mkondo wa anodi uliozidishwa mara 1.6 hivi. Kwa volti 2,800 na 400 mA ni karibu omu 4,400. Bati za LOAD zikiingiana, mzigo unakuwa mwepesi na valvu inaona omu nyingi zaidi; zikiachana, mzigo unakuwa mzito. Usiamini namba zilizoandikwa kwenye nobu, kwa sababu viwanda havikubaliani sifuri iwe upande gani. Chomoa plagi, subiri kapasita za umeme mkubwa ziishe chaji, gusisha waya wa anodi kwenye chasisi kwa kijiti cha kutolea chaji, ndipo uangalie bati kwa macho. Volti 3,000 hazitoi nafasi ya pili.

Mzigo ukiwa mwepesi, volti za anodi huyumba sana. Kila zinaposhuka chini mno, elektroni zinavutwa na gridi badala ya anodi, na zinapopanda juu mno cheche huruka kwenye kapasita ya TUNE au kwenye swichi ya bendi. Mzigo ukiwa mzito kupita kiasi, gridi inashuka, anodi inakunywa mkondo mwingi, pato linapungua kidogo na valvu inapata joto. Kati ya makosa hayo mawili mimi nachagua la pili kila siku: sauti inabaki safi, na anodi inavumilia joto kuliko gridi, ambayo uwezo wake wa kutoa joto ni wati 20 tu.

Sasa utaratibu. Anza na mzigo bandia, kipinga cha omu 50 kinachokaa mahali pa antena na kinachoweza kubeba wati zote, si antena. Swichi ya bendi iwe mahali pake kabla ya kubonyeza kitufe cha kurusha, na usiizungushe kamwe ukiwa unarusha. TUNE na LOAD ziweke pale kitabu cha mashine kinaposema kwa bendi hiyo. Ingiza wati 15 hadi 20 kutoka kwenye transiva, zungusha TUNE upate kilele cha wati. Wazee walifundisha kutafuta bonde la mkondo wa anodi, lakini kwa amplifaya ya gridi iliyounganishwa na chasisi bonde hilo ni la kina kifupi na halilingani sawasawa na kilele cha pato. Tazama mita ya wati. Baada ya hapo LOAD hadi kilele, TUNE tena.

Wengi huishia hapo, na ndipo tatizo la muulizaji linapozaliwa. Kilele cha wati 20 si kilele cha wati 80: mkondo ukiwa mdogo valvu inataka omu nyingi, ukiwa mkubwa inataka chache. Ukityuni kwa msukumo mdogo (wati zinazoingia kutoka transiva) kisha ukaongeza, umejipa mzigo mwepesi bila kujua. Kwa hiyo panda kwa hatua, wati 40, kisha 60, kisha 80, na kila hatua rudia LOAD halafu TUNE. Ukifika msukumo kamili na kilele, fungua LOAD kidogo tena mpaka pato lianze tu kulegea, rekebisha TUNE, acha. Kwa 3-500Z utaona anodi karibu 400 mA na gridi karibu theluthi moja ya hapo.

Usibonyeze zaidi ya sekunde kumi mfululizo. Pumzisha mara mbili ya muda huo. Afadhali zaidi ni kutuma nukta za Morse mfululizo kwa kasi, ukiwa na mita ya wati inayoshika kilele, kwa sababu joto linapungua karibu nusu.

Kagua kwa hesabu. Volti 2,800 kwa 0.4 A ni wati 1,120 zinazoingia. Ukipata 730 nje, valvu inabaki na 390, iko salama chini ya 500 zake. Ukipata 450, zimebaki 670, na anodi itakuambia kwa rangi: wekundu wa kaa ni kawaida kwa valvu hii, rangi ya chungwa inayong'aa si kawaida.

Kwenye 28 MHz kapasita ya TUNE, pamoja na kapasitansi ya valvu na nyaya, inatakiwa kuwa karibu pF (pikofaradi) 15 tu, wakati 3.6 MHz inataka kama 120. Ndiyo maana bendi ya mita 10 kilele kinapita kwa unene wa ukucha, na mita 80 nobu inazunguka sana bila mita kushtuka.

Gridi ikiruka ghafla na pato ni sifuri, achia papo hapo: bendi si yenyewe au kebo ya antena haijafungwa. Anodi ikionyesha mkondo unaorukaruka bila msukumo wowote kadiri unavyogusa nobu, huo ni msisimko wa VHF, yaani valvu inajizalishia yenyewe mawimbi ya masafa ya juu sana. Pima kipinga kilicho kwenye waya wa anodi, mara nyingi thamani yake imepanda. Pato likishuka polepole baada ya dakika chache, pima volti za filamenti kwenye pini zenyewe, ziwe kati ya 4.75 na 5.25, na utazame risasi ya kulehemu ndani ya pini, kwani feni dhaifu huiyeyusha.

Wenye 4CX250B, valvu yenye gridi ya pili iitwayo skrini, wasome mita ya skrini badala ya gridi: ikipanda, mzigo ni mwepesi; ikishuka hadi chini ya sifuri, ni mzito, na mara nyingi hiyo si hatari. Skrini inabeba wati 12 tu, hivyo kwa volti 350 ukivuka 34 mA unaichoma. Na isipewe umeme kabla ya anodi.